FreeBMD na jina la Speke: maoni ya mwongoza watalii wa Jinja

Huku Jinja jina la Speke, yule mvumbuzi Mwingereza aliyefika hapa kwenye chanzo cha Nile, hulikwepi. Mnara wake umesimama ng'ambo ya mto huo, upande wa Njeru. Kampala kuna Barabara ya Speke na Hoteli ya Speke. Rwenzori ina Mlima Speke wa mita 4,890, Ziwa Victoria upande wa Tanzania kuna Ghuba ya Speke, na hata nzohe, swala wa vinamasi vyetu, wataalamu wamemwandika Tragelaphus spekii. Basi mgeni wa Kiingereza akishapanda boti na kusikia habari za tarehe 28 Julai 1862, siku Speke alipofika hapa, mara nyingi huuliza: mbona jina hili kwetu ni adimu hivyo, ni la sehemu gani hasa?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa vizuri. Jibu linalozunguka hapa gatini ni Liverpool, kwa kuwa huko kuna kitongoji kiitwacho Speke na jumba la kale la Speke Hall. Jibu hilo si sahihi, na mtu anaweza kuthibitisha hivyo kwa simu yake bila kulipa chochote isipokuwa bando. Ndiyo sababu naandika kuhusu FreeBMD.

FreeBMD ni tovuti ya watu wa kujitolea, ilianza mwaka 1998. Kazi yao ni kunakili faharasa ya serikali ya vizazi, ndoa na vifo vya Uingereza na Wales, tangu usajili ulipoanza tarehe 1 Julai 1837. Hulipi, hata akaunti hufungui. Kurasa zake ni maandishi matupu, kwa hiyo zinafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Sura yake ni ya kizamani na lugha ni Kiingereza tu, lakini fomu yenyewe ni rahisi: jina la ukoo, aina ya tukio, kuanzia mwaka gani hadi upi, basi.

Ukiandika Smith peke yake, mfumo unakataa kwa sababu majibu ni mengi mno. Ukiandika Speke, unapata orodha unayoweza kuisoma yote kwa macho yako. Hapo ndipo unapouona uadimu wa jina, bila kuhadithiwa na mtu.

Kila mstari una jina, wilaya ya usajili, namba ya juzuu na ukurasa. Usiipuuze namba ya juzuu. Kuanzia 1852 hadi 1946 kila eneo lilikuwa na alama yake: 5a ni Wiltshire na Dorset, 5b ni Devon, 5c ni Somerset na Cornwall, 8b ni upande wa Liverpool. Ukishazizoea alama hizo, unapitisha kidole kwenye safu moja tu na unaona ukoo ulikuwa unaishi wapi. Wilaya ya Chard, kwa mfano, ni Somerset, na ndani yake mna mji wa Ilminster na kijiji cha Dowlish Wake, alikozikwa John Hanning Speke na ambako ndugu yake Benjamin alikuwa kasisi. Kando ya mstari kuna alama ya miwani. Ibonyeze, utaletewa picha ya ukurasa wenyewe wa faharasa, na kwa miaka ya mwanzo ni mwandiko wa karani, herufi zimelala upande. Napenda sana sehemu hii. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kama aliyenakili alisoma sawa, kwa sababu herufi za zamani zinachanganya.

Sasa mipaka yake. Huyu Speke wetu alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, miaka kumi kabla ya usajili kuanza, kwa hiyo kuzaliwa kwake usikutafute FreeBMD. Kifo chake ni cha 15 Septemba 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye mawindo, Neston huko Wiltshire, kwa hiyo tafuta vifo vya mwaka huo. Tena hii ni faharasa, si cheti: haikuambii baba ni nani wala chanzo cha kifo. Jina la mama kabla ya kuolewa linaanza kuonekana kwenye vizazi kuanzia robo ya Julai hadi Septemba 1911 tu. Kwa Speke hilo tunalijua kwa njia nyingine, kwani Hanning ndilo jina la ukoo wa mama yake, watu wa Dillington karibu na Ilminster. Kwa miaka ya kabla ya 1837 hamia FreeREG, tovuti dada inayonakili daftari za makanisa, ambazo ziliamriwa kuandikwa tangu 1538.

Na asili yenyewe ni ya zamani kuliko daftari hizo zote. Jina liliingia na Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa. Katika Domesday, kitabu cha mfalme cha 1086 cha kuhesabu mashamba, yumo William Speke akimiliki ardhi Bedfordshire. Baadaye yuko Walter Espec, aliyeanzisha abasia ya Rievaulx huko Yorkshire mwaka 1132. Espec ni lakabu ya Kifaransa cha kale, na maana yake ni ndege kigong'ota. Huko Yorkshire ya magharibi kuna watu wengi waitwao Speight, na jina lao nalo linatokana na ndege huyohuyo, ila kwa njia ya Kiingereza, si Kifaransa. Ukoo wa Speke ulikita mizizi Devon, na kijiji cha Brampford Speke karibu na Exeter bado kinabeba jina lao. Kanisa kuu la Exeter lina kikanisa cha Sir John Speke aliyefariki 1518. Kwa ndoa wakapata mashamba ya Somerset, Whitelackington na Dowlish Wake, na huko wakakaa. Mwaka 1685 mmoja wao, Charles, alinyongwa Ilminster baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya mfalme.

Liverpool je? Kitongoji kile kilikuwa na jina lake tayari wakati wa Domesday, na jumba la Speke Hall lilijengwa na ukoo wa Norris. Mwenye mnara wetu hakutoka huko. Mgeni akiuliza, mjibu: Somerset, na kabla ya hapo Devon.

Kuna tovuti nyingine, ya kulipia, jina lake silitaji, iliyoniuzia "nembo ya ukoo wa Speke" pamoja na historia ya ukurasa mmoja. Ilinikasirisha. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi kila mwenye jina linalofanana. Ile historia nayo ilikuwa maneno ya jumla ambayo ungeweza kuyabandika kwenye jina lolote. Msitoe pesa zenu huko, na msiwatume wageni huko.

Kazi hii inanigusa kwa sababu ya kwetu pia. Mgeni anashangaa kusikia ndugu wa baba mmoja hapa Uganda wana majina tofauti kabisa, ilhali Mganda akitaja jina lake, mwenzake anajua kama ni wa Mmamba au Ffumbe, koo za Buganda, na anajua ukoo huo una butaka yake, yaani ardhi yake ya jadi, wapi. Nikimweleza mgeni hivyo, halafu nikamwonyesha kwenye simu kwamba Speke naye ana kwao, mazungumzo yanabadilika. Anaacha kumwona kama jina la barabara tu.

Kwangu FreeBMD inapata nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu majibu yanakuja kwa orodha, si kwa ramani, hivyo mtawanyiko wa jina unajichorea mwenyewe, na kwa miaka ya karibu na mwisho wa karne ya 20 bado kuna mapengo. Unapoanza, chagua vizazi peke yake, weka 1852 hadi 1881, na uwashe kitufe cha kutafuta kwa matamshi ili Speake na Speak nao waonekane. Kisha rudia bila kitufe hicho ulinganishe.