TAHADHARI: "Mafundi" wa kurudisha diski za VM zilizoharibika wanakula hela na kuliua kabisa faili lako

Wakuu habari zenu. Naandika hii nikiwa na hasira ila nitajitahidi nieleweke, maana watu wanazidi kulizwa kwenye hili jambo na wanaolizwa wengi ni watu waliochanganyikiwa, VM (kompyuta pepe inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) imegoma kuwaka, ndani kuna kazi ya miaka, bakapu hamna au ipo ya zamani, halafu anatokea mtu mpole sana anasema njoo inboksi nikusaidie. Huyo mpole ndo nataka tumzungumzie leo.

Mwenzangu kazini alikuwa na VM ya VirtualBox (programu ya kuendeshea VM) yenye mfumo wa mahesabu pamoja na mafaili ya wateja. Diski ya kompyuta iliyoibeba hiyo VM ikajaa hadi mwisho, VM ikasimama ghafla, kuiwasha tena ikakataa, faili la VDI, yaani diski pepe inayobeba data zote za VM, likawa halisomeki. Akaulizia mtandaoni na hapohapo akafuatwa na jamaa anayejitangaza kama mtaalamu wa kurudisha data, ana shuhuda kibao za watu wanaomshukuru, lugha nzuri, anajibu muda wowote hata usiku wa manane. Kitu cha kwanza alichomwambia ni kwamba data zinaendelea kuharibika kila saa inayopita kwa hiyo atume nusu ya malipo sasa hivi ili kazi ianze. Huo ni uongo mtupu wakuu. Faili la diski pepe likikaa bila VM kuwashwa na bila programu yoyote kuliandika halibadiliki hata baiti moja, leo, kesho, mwezi ujao ni lilelile. Muda unakuwa adui ukiwa umelifuta faili kwenye diski na unaendelea kuitumia hiyo kompyuta, hapo kweli data mpya zinaweza kukaa juu ya zile za zamani, na dawa yake ni kuizima hiyo kompyuta, haina gharama yoyote. Sasa mtu anayekuharakisha utume hela wakati faili lipo limetulia hapo, anaogopa ukipata muda wa kuuliza wengine utamshtukia.

Jamaa akaomba aingie kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Akaingia, hakutengeneza kopi, hakuuliza kama kopi ipo, akaweka kiprogramu chake na kukiendesha moja kwa moja juu ya faili lenyewe la asili. Hapa ndo pananiuma kuliko hata hela. Kanuni ya kwanza kabisa ya hii kazi, ambayo hata anayeanza leo anafundishwa, ni kwamba faili la asili haliguswi, unalikopi kwenye diski nyingine, unahakikisha kopi inalingana kwa SHA-256 (aina ya hash, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika hata baiti moja ikibadilika), halafu majaribio yote unayafanya kwenye kopi ili ukiharibu unafuta unaanza upya. Fundi anayeruka hiyo hatua mfukuze hapohapo hata kama ana shuhuda elfu.

Baada ya muda akatuma skrinishoti, orodha ndefu ya mafolda na majina ya mafaili ya mwenzangu, majina sahihi, saizi sahihi, hadi tarehe sahihi. Akamwambia karibu yote yamepatikana, malizia malipo nikukabidhi. Nani asingelipa? Amelipa, ametumiwa mzigo, anafungua faili la kwanza halifunguki, la pili halifunguki, la tatu hivohivo. Nikaitwa. Nikachukua PDF mojawapo nikaifungua kwenye heksi edita (programu inayoonyesha baiti za faili moja moja), 00 00 00 00 kuanzia juu mpaka chini. PDF isiyo na tatizo inaanza na herufi %PDF, picha ya JPEG inaanza na FF D8 FF, faili la docx au xlsx linaanza na PK kwa sababu kwa ndani ni zip. Haya yote yalikuwa sifuri tupu, ya saizi sahihi kabisa. Nikayapiga hash mawili yenye saizi sawa yakatoa hash moja, ingawa yalitakiwa kuwa hati mbili tofauti.

Naomba muelewe hii inatokeaje maana ndo moyo wa huu utapeli. Faili la VDI lina heda mwanzoni, yaani sehemu ya utambulisho wake, halafu lina ramani inayosema kipande fulani cha diski kimehifadhiwa wapi ndani ya faili, na kwa kawaida kila kipande ni MB 1. Kipande ambacho ramani inasema hakijawahi kuandikwa, ukikisoma unapewa sifuri. Sasa ramani ikiharibika nusu, ile sehemu yenye MFT ya Windows, yaani daftari la majina, saizi na tarehe za mafaili, inaweza kubaki inasomeka vizuri kabisa huku yaliyomo kwenye mafaili yenyewe hayafikiki. Kwa hiyo orodha ya majina inapatikana hata na 7-Zip, programu ya bure ya kufungulia zip, haihitaji utaalamu wowote, na haithibitishi kwamba kuna faili hata moja lililopona. Jamaa alimwonyesha daftari akamuuzia kama mali. Ukitaka uthibitisho wa kweli chagua mwenyewe mafaili kadhaa, makubwa kwa madogo, kutoka mafolda tofauti, mwambie ayafungue ukiangalia, usome kilichomo. Akikataa au akisema hilo mpaka ulipe kwanza, ondoka. Mwenzangu alipomuuliza kuhusu zile sifuri jamaa akasema ni virasi, akaomba hela ya kuondoa virasi, alipobanwa akambloku.

Tulichookoa tulikiokoa wenyewe kwa PhotoRec, inatolewa bure na CGSecurity pamoja na ndugu yake TestDisk. PhotoRec haijali ramani wala majina, inapita kwenye data mbichi ikitafuta zile alama za mwanzo nilizotaja. Picha ndogo, PDF fupi na baadhi ya hati zilitoka nzima japo bila majina yake. Database ya mahesabu haikutoka, kubwa mno, vipande vyake vimetawanyika na ramani ndo ilikuwa inajua mpangilio. Na hatutajua kamwe kama ramani ilikuwa hivo tangu mwanzo au ni kile kiprogramu kilichoimalizia, kwa sababu kopi ya kabla hajagusa haikuwepo.

Kuna ndugu zao wengine wasiojitokeza kwa sura, wauza programu. Unatafuta jinsi ya kurekebisha VMDK (faili la diski pepe la VMware, programu nyingine ya VM) unakutana na makala inayojifanya inakufundisha, hatua mbili za kwanza za kweli, ya tatu ni pakua programu yetu. Imeandikwa bure, na bure yenyewe ni kuskani tu, ikimaliza inakuonyesha zile orodha za majina nilizosema halafu inataka laisensi ndo u-save. Sisemi zote ni za wizi, zipo za kulipia zinazofanya kazi, lakini inayoonyesha majina bila kukuruhusu ufungue hata faili moja ujionee usiinunue. Na tafadhali msikimbilie krak zake, yaani kopi zilizovunjwa laisensi, mtu anayetafuta krak ya programu ya kurudisha data ni mtu mwenye data muhimu na presha juu, wezi wa paswedi wanalijua hilo na wanamtegeshea hapohapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba matatizo mengi wanayotozea hela za ajabu yana tiba ya bure. Mfano mzuri ni VMware. VMDK nyingi zimegawanyika faili mbili, moja ndogo sana ya maandishi, deskripta, na nyingine kubwa inayoishia na -flat.vmdk ambayo ndo diski yenyewe. Deskripta ikipotea au ikiharibika VM haiwaki, mtu anadhani kila kitu kimekufa kumbe data zote zipo zimekaa kwenye flat. Deskripta unaitengeneza upya, kinachotakiwa hasa ni kujua idadi ya sekta (vipande vya diski vya baiti 512), unachukua saizi ya flat kwa baiti unagawa kwa 512. Flat ya baiti 42,949,672,960 ni sekta 83,886,080, hiyo ni diski ya GB 40. Kwenye ESXi, yaani VMware ya seva, unaunda diski mpya ya saizi hiyohiyo kwa amri ya vmkfstools, unachukua deskripta yake, unaielekeza kwenye flat yako, basi. Kwenye snepushoti (hali ya VM iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia) nako kila deskripta ina CID, namba ya diski yenyewe, na parentCID, namba ya diski ya mzazi iliyoitangulia, na parentCID ya mtoto lazima ilingane na CID ya mzazi, zikipishana VM inagoma ikilalamika kwamba diski ya mzazi imebadilishwa. Kama mzazi hajaandikwa kitu tangu snepushoti ichukuliwe ni kusahihisha namba moja kwenye faili la maandishi. Kuna watu wametozwa kama wamefanyiwa upasuaji kwa kazi hiyo.

Kwa diski pepe za aina ya qcow2 (ya QEMU), VDI, VMDK na VHDX (ya Hyper-V ya Microsoft) kuna amri ya qemu-img check, iendeshe hivohivo bila -r ikueleze tu hali ilivyo, maana ukiweka -r all inaandika ndani ya faili na maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba inaweza kuchagua marekebisho yasiyo sahihi, kwa hiyo hiyo ni ya kwenye kopi pekee. VMware Workstation ina vmware-vdiskmanager -R. VirtualBox ina VBoxManage internalcommands repairhd, na kama kilichoharibika ni faili la mipangilio la .vbox angalia pembeni yake, huwa kuna .vbox-prev ambayo ni toleo la kabla yake. Hyper-V unaweza kuipachika VHDX kwa Mount-VHD -ReadOnly ukakopi mafaili yako bila kuandika kitu. Na kabla ya yote fungua mwanzo wa faili kwenye heksi edita: VHDX inaanza na neno vhdxfile, qcow2 na QFI, VMDK ile inayokua kidogokidogo inaanza na KDMV, VHD iliyotangulia VHDX ina neno conectix kwenye baiti 512 za mwisho. Ukiyakuta ujue heda bado ipo, na usikubali mtu akuambie faili lote limekufa.

Sasa yapo yasiyorudi, na hapa ndo utamjua tapeli haraka. Umefuta VM kwenye SSD yenye TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya mafaili yaliyofutwa) inayofanya kazi, mara nyingi data imeshakwenda. Diski yenyewe ya kompyuta inapiga kelele za kugongagonga, hakuna programu ya kutibu hilo, zima umeme, ni kazi ya maabara. Anayekuahidi asilimia mia kwenye hali kama hizi bila hata kuona kitu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Wa kweli anachunguza kwanza, anakuambia hiki kinawezekana hiki hakiwezekani, anakuonyesha mafaili yanafunguka, ndo mnaongea malipo.

Na kama VM zimefungwa na ransomware, virasi vinavyofunga mafaili mpaka ulipe, kuweni makini mara mbili. Mwaka 2019 chombo cha habari cha ProPublica cha Marekani kilichapisha uchunguzi kuhusu makampuni yaliyodai yanafungua mafaili kwa teknolojia yao wenyewe, kumbe yalikuwa yanawalipa wadukuzi kimyakimya na kumtoza mteja juu yake. Kabla hujampa mtu hela pita kwenye mradi wa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, wanatoa funguo bure kwa aina zile zilizovunjwa. Mwezi Februari 2023 shambulio la ESXiArgs lilipopiga seva za ESXi, kwa wengi lilifunga yale mafaili madogo huku flat zikibaki salama, na CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, ikatoa skripti ya bure ya kutengeneza deskripta upya. Matoleo yaliyofuata yakabadilishwa yakaharibu zaidi, lakini wale wa mwanzo waliokimbilia kulipa walilipia kitu kilichokuwa bure.

Kwa ambaye ameshampa mtu wa namna hii faili lake, nisikilize vizuri. Diski ya VM kama haikuwa imesimbwa ni kompyuta yako nzima, anaweza kuipachika kwake bila paswedi ya Windows na kusoma karibu kila kitu. Baadhi ya paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, funguo za SSH za kuingilia kwenye seva, faili la mipangilio lenye paswedi ya database, barua pepe, taarifa za wateja. Badilisha hizo paswedi leo ukitumia kompyuta nyingine, toa funguo za zamani kwenye seva zote, funga seshoni zilizo wazi, waambie wateja ambao taarifa zao zilikuwemo. AnyDesk iondoe, na angalia kama hajaacha paswedi ya kuingia bila wewe kukubali, maana kwa mwenzangu tuliikuta ameiweka. Ule mzigo wa sifuri aliokutumia usiufute, uhifadhi pamoja na mazungumzo na risiti za malipo, na uwahi benki au kwa mtandao uliotumia kutuma hela kuomba muamala urudishwe, siku zikipita wanakuambia hela imeshatolewa.