Chokaa ya "Kiroma" hapa Goma: weka kwenye sitesine, usiweke kwenye dale

Mfuko ni wa kilo 25, na ndani mna mifuko miwili: mmoja wa chokaa iliyokwisha kuzimwa (yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka), mwingine wa unga mweusi wa mawe ya volkano. Juu wameandika kwamba ni "simenti ya Waroma wa zamani".

Jina hilo si uongo mtupu. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli, na ndiyo sababu unga wa namna hiyo unaitwa puzolana hadi leo. Kuba la hekalu la Pantheon kule Roma, lenye upana wa mita 43 na kidogo, limesimama tangu karne ya 2 bila fero hata moja ndani yake. Chokaa peke yake hukauka kwa hewa tu. Ukiitia majini inabaki tope. Ikikutana na silika na alumina, madini yaliyomo kwenye majivu ya volkano, hushika hata chini ya maji.

Shida ni kwamba inashika tu kama unga ni laini kabisa, na hapo ndipo mfuko huu unapochechemea. Chukua kidogo, usugue kati ya vidole. Ukiteleza kama unga wa muhogo, sawa. Ukikwaruza kama sukari, umenunua mchanga mweusi, na mchanga huo Goma unaukanyaga bure. Mifuko mingine ni laini, mingine inakwaruza. Pitisha kwenye chujio la kitambaa. Kinachobaki juu kitumie kama mchanga.

Wauzaji husema vidonge vyeupe ndani ya chokaa ni "siri ya Waroma". Hapana. Watafiti walieleza mwaka 2023 kwamba vidonge vya Waroma vilitokana na chokaa mbichi, iliyochanganywa ikiwa bado inachemka. Hii imekwisha kuzimwa. Kidonge humu maana yake mfuko ulinyonya unyevu depo. Rudisha.

Maelezo ya mfuko yanasema chokaa 1 kwa unga 5. Ni mbovu. Vitruvius, fundi mjenzi wa Roma ya zamani, aliandika 1 kwa 3 kwa ukuta, na 1 kwa 2 kwa kazi za baharini. Kwa plasta ya sitesine fuata hiyo ya pili: bidoni 1 ya chokaa, 2 za unga. Changanya vikavu kwanza, kisha maji kidogo kidogo mpaka tonge likae mkononi bila kumwagika. Vaa gloves, chokaa inachoma. Lowesha ukuta sana kabla ya kupaka, kwa sababu mawe yetu yana matundu na hunywa maji ya plasta, ikabaki unga. Kila tabaka lisizidi sentimita 1. Funika kwa magunia mabichi siku 7, na usijaze maji kabla ya wiki 4. Nyufa nyingi hutokana na haraka hapa.

Kabla ya kazi, finyanga kidonge cha mchanganyiko wako, kiache siku 7 chini ya gunia bichi, halafu kitumbukize kwenye kikombe cha maji. Kikiyeyuka, usipake.

Dale na poto, sahau. Mchanganyiko huu unakomaa polepole, na chokaa ikishavuta hewa hailindi fero na kutu. Waroma hawakuwa na fero za kulinda, wewe unazo.

Omba mfuko ufunguliwe kabla ya kulipa.