Vampire Weekend: gitaa lililofunikwa kwa kelele

Nimekulia Mwanza, katika nyumba ambamo redio haikuzimwa mpaka sebene liishe, na kwa sababu hiyo mwaka 2008, niliposikia kwamba vijana wanne wa New York wameupa wimbo wao jina la kwasakwasa, nilicheka kabla hata ya kuusikiliza. Niliposikiliza, nilinyamaza. Gitaa lile la solo, jepesi na lenye kurukaruka, lilikuwa limekwenda shule kwa Wakongo kwelikweli. Tangu hapo nimekuwa shabiki wa Vampire Weekend, na ndiyo maana albamu yao ya tano, Only God Was Above Us, iliyotoka tarehe 5 Aprili 2024, ilinitaabisha kwa wiki nzima.

Taabu yenyewe ni kwamba gitaa nililolipenda limefukiwa. Albamu iliyotangulia, ya mwaka 2019, ilikuwa na nyimbo 18 zilizochangamka na kutawanyika kila upande. Hii ina nyimbo kumi tu, na karibu kila mmoja una mahali ambapo sauti inachanika kwa makusudi, kama spika iliyopasuka ukumbini. "Capricorn" unaanza kwa upole, kisha kiitikio kinavamiwa na mkwaruzo ambao mwanzoni nilidhani ni hitilafu ya simu yangu. "Gen-X Cops" haukupi hata huo muda wa kujiandaa.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, kwani niliisikiliza kwa spika ya simu, ambayo inageuza muziki huu kuwa takataka. Niliposikiliza kwa hedifoni nikiwa kwenye kivuko cha kwenda Kamanga (na ngurumo ya injini, niseme ukweli, ilisaidia), nilianza kusikia kilichomo ndani ya vurugu hiyo: besi inayotembea taratibu, saksafoni inayopenya katikati ya "Classical", na kwaya ya "Mary Boone" inayoinuka nyuma ya piano bila haraka. Mwimbaji wao, Ezra Koenig, anaimba kwa sauti ileile nyororo, na ni utulivu wake huo unaofanya kelele zinazomzunguka zisikike kama zina sababu. Katika "Pravda", gitaa la zamani linachungulia tena. Nilirudia wimbo huo mara nne mfululizo.

Lawama yangu kubwa ni juu ya mashairi. Jalada linaonyesha mabehewa chakavu ya treni ya mjini, na nyimbo nazo zimejaa New York ya karne iliyopita. Mary Boone mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa sanaa wa huko. Msikilizaji wa huku atafikiwa na hisia, lakini utani mwingi utampita, na sioni kwamba bendi imejali sana jambo hilo. Halafu "The Surfer" unakokota miguu.

Kilichonishinda kabisa ni "Hope", wimbo wa mwisho wenye karibu dakika nane, unaorudia ombi lilelile la kumtaka mtu aachilie kinyongo chake huku vyombo vikizidi kuongezeka nyuma yake. Kivuko kilikwishafika Kamanga na abiria wa kurudi mjini walikuwa wameanza kupanda. Mimi nilikuwa bado nimeketi, nikisubiri uishe.