Kliniki ya ngozi Upper Hill: huduma kwa uvimbe wa mishipa ya damu

Nilimpeleka dada yangu katika kliniki moja ya ngozi huko Upper Hill, Nairobi, baada ya miguu yake kujaa madoa ya zambarau iliyokolea, yaliyoinuka kidogo na yasiyofifia yanapobonyezwa kwa kidole. Daktari hakukimbilia kuandika dawa ya kupaka. Aliuliza kwa kina kuhusu maambukizi ya karibuni na kila dawa aliyomeza, zikiwemo za maumivu na antibayotiki, kwa kuwa hizo huweza kuuchochea ugonjwa huu wa uvimbe wa kuta za mishipa midogo ya damu (vaskulitisi). Kisha akachukua kipande kidogo cha ngozi kwenye doa jipya, akieleza kwamba doa lililozidi saa 48 huenda lisitoe jibu la kuaminika.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alipima mkojo na shinikizo la damu siku hiyo hiyo, maana uvimbe huu ukivuka ngozi huweza kudhuru figo bila maumivu yoyote. Kliniki nyingine tuliyoitembelea awali haikugusa jambo hilo, na hilo lilinisikitisha sana.

Vipimo vilipoonyesha kuwa ni ngozi pekee iliyoathirika, alishauri kupumzika, kuinua miguu na kuvaa soksi za kubana, huku akiiweka prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, akiba endapo vidonda vingejitokeza. Madoa yalififia baada ya wiki chache, ingawa yaliacha weusi. Foleni ni ndefu na gharama za maabara si ndogo, lakini ninaipendekeza kwa dhati.