Makumbusho ya Le Grand-Pressigny: Gumegume Lililoibuliwa na Plau

Makumbusho ya historia ya kale ya Le Grand-Pressigny, kusini mwa Touraine nchini Ufaransa, yamo ndani ya ngome kongwe inayotazama bonde la mto Claise. Katika mashamba ya nyanda za juu ya bonde hilo, plau zimekuwa zikiibua mabonge marefu ya gumegume, jiwe gumu linalopasuka kwa makali, yenye rangi ya asali, ambayo wakulima waliyaita ratili za siagi kutokana na umbo lake. Hayo ni masalio ya karakana za mafundi waliofanya kazi hapo kati ya mwaka 3000 na 2400 hivi kabla ya Kristo.

Mgeni huvutwa kwanza na majambia ya mawe, na ni haki yake, kwa kuwa mabapa yaliyotumika kuyatengeneza, yaani vipande virefu vyembamba vilivyobanduliwa kwenye mabonge, mengine yanapita sentimita 30 na yalisafirishwa hadi Uswisi na Uholanzi. Hata hivyo, nawashauri wasomaji waanzie kwenye mabonge yenyewe. Ukilichunguza bonge moja kwa utulivu, utaona jinsi fundi alivyolichonga pande zote kwa subira, akaupa mgongo wake mbinuko mdogo, akatayarisha mahali pa kugonga, na baada ya kazi yote hiyo akabandua mabapa machache tu. Pigo moja likikosea, jiwe zima liliharibika. Ustadi wa namna hiyo haukupatikana bila miaka ya kufundishwa, na kwangu mimi ndio unaostahili heshima kuliko jambia lolote lililokamilika.

Katika Barrou, kijiji cha jirani, mabapa 134 yaliyofukiwa pamoja yaligunduliwa mwaka 1970. Mtu huwaza ni nani aliyeyaweka akiba, na kwa nini hakurudi kuyachukua.

Jengo jipya lililounganishwa na ngome lilifunguliwa mwaka 2012. Ukipata nafasi, panda baadaye hadi kwenye mashamba, lakini usiokote kitu: kila jiwe linaloondolewa bila kuandikwa mahali lilipolala huwanyima watafiti sehemu ya ushahidi, na kuchimba bila kibali cha serikali ni kosa kwa sheria za Ufaransa. Kwa waliowahi kufika Isimila, karibu na Iringa, wakaona mawe ya kale zaidi yakiwa katika korongo lake, ziara hii ina thamani ya pekee. Tengeni nusu siku nzima, na mhakikishe mapema siku za kufunguliwa.