Tamoksifeni ya mg 20 kwenye famasi za Bukavu: nyota nne

Kwa mwenye saratani ya titi anayejinunulia dawa Bukavu, hii ndiyo dawa ya homoni tunayoipa alama za juu. Kidonge kimoja kwa siku, saa ile ile, umekula au hujala, kwa miaka 5, wengine hadi 10. Anayemaliza miaka 5 hatari yake ya kufa kwa saratani hiyo inapungua kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka 15.

Lakini karatasi ya maabara iandike RE+, yaani saratani yako ina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Dawa hukalia kipokezi cha estrojeni ndani ya chembe ili homoni ikose mahali pa kushika. Kipokezi kisipokuwepo, hela imeliwa bure. Basi kabla ya kupanda soko la Kadutu kutafuta bei, dai jibu hilo. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe ili kupimwa kitiwe kwenye formalini (maji ya kuhifadhia) ya asilimia 10 papo hapo. Kikikauka, jibu linaweza kutoka hasi wakati vipokezi vipo.

Famasini soma boksi mpaka kwenye namba. Kuna tamoxifène ya mg 10, na hiyo humezwa viwili. Aliyezoea kimoja akibadilishiwa kimyakimya anabaki na nusu dozi, ugonjwa ukirudi dawa inasingiziwa usugu.

Dawa za pembeni nazo huiharibu. Ini huigeuza tamoksifeni kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi. Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, huziba njia hiyo, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana kwenye damu. Usiache dawa ya kifua kikuu, jamani! Mwonyeshe daktari vidonge vyako vyote apange upya.

Usugu wenyewe upo. Uvimbe hupoteza vipokezi, au hukua kwa njia nyingine kama HER2, protini inayochochea chembe kukua. Pengine jeni ya ESR1, inayotengeneza kipokezi cha estrojeni, hubadilika, kipokezi kikafanya kazi bila estrojeni. Hilo huonekana zaidi kwa waliotumia letrozoli au anastrozoli, dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni nje ya ovari. Na anayepata hedhi bado asiuziwe letrozoli peke yake: ovari zake zitaendelea kutoa estrojeni.

Nyota ya tano imeondoka kwa sababu ya madhara. Joto la ghafla linavumilika. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, ni hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa hii inaweza kugandisha damu na kuleta saratani ya mji wa mimba. Mimba isishike wakati wa matibabu: kondomu au kitanzi cha shaba, si sindano wala vidonge vya uzazi wa mpango.