Zukini zinaoza bustanini Dodoma: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mwambie muuzaji wa pembejeo kwamba zukini zako, yale matunda ya jamii ya maboga yanayochumwa yakiwa machanga, zinaoza, na mara nyingi atanyoosha mkono kwenye rafu ya dawa za ukungu kabla hajakuuliza zinaoza vipi. Si ajabu. Huku kwenye zabibu dawa hizo hazikosekani dukani. Ila kwa mwenye mashina machache nyuma ya nyumba, mimi nimeziweka nafasi ya nne, ya mwisho, kwenye orodha ya vya kununua.

Kabla ya kutoa hela, chuma tunda lililooza ulipasue kwa kisu. Doa la kahawia au jeusi lililobonyea kwenye ncha, pale lilipokuwa ua, bila funza ndani, ni kuoza kitako. Manyoya ya ukungu yenye vichwa vyeusi kama vya pini, yaliyoanzia kwenye ua lililonyauka, ni ukungu wa wakati wa mvua. Kitundu kidogo chenye utomvu, na ndani funza weupe, ni nzi wa matunda. Halafu kuna kile kitunda cha ukubwa wa kidole kinachogeuka njano na kusinyaa kuanzia nchani: hakikuchavushwa, na hapo hakuna cha kununua. Chuma ua dume asubuhi, lile lenye kikonyo chembamba kisicho na kitunda, toa petali zake, upake chavua ndani ya ua jike. Basi.

Nafasi ya kwanza: maji yasiyokatika, na matandazo. Kuoza kitako ni tunda kukosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Husafiri na maji kutoka kwenye mizizi, na tunda changa huipata kidogo kuliko majani. Udongo ukikauka siku tatu kisha ukafurikishwa siku bomba linapotoka, ncha ya tunda ndiyo inayoumia. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye pipa au simtanki ndogo, uinue kama mita moja, na mpira wa matone. Angalia nafasi kati ya matundu: mipira mingi hutonesha kila sentimita 20 au 30, wakati zukini hukaa sentimita 60 hadi 90, hivyo maji mengi yatanywesha magugu. Afadhali mpira mweusi wa kawaida na vile vidude vya kutonesha unavyochomeka mwenyewe penye shina. Usiache chujio. Maji ya visima vya huku yana chumvi inayoganda nyeupe na kuziba matundu.

Hela haitoshi? Chupa ya lita moja na nusu, itobolewe chini na kufukiwa pembeni ya shina, inafanya kazi ileile kwa uvumilivu zaidi. Matandazo karibu ni bure: maganda ya karanga, mabua ya uwele, au pumba za mpunga ukipata mtu anayetoka Bahi. Hutunza unyevu na kuzuia tunda lisilale juu ya udongo uliolowa. Yaache mbali kidogo na shina, maana mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko.

Nafasi ya pili: vifuko vya kaki na mtego. Funza akishaingia, hakuna dawa itakayorudisha tunda. Vifuko vidogo vya karatasi ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote: ua likishachavushwa na kufunga, vika kitunda, funga kwa uzi, acha kipumue. Kwenye mtego ndipo watu wanapigwa. Kivutio kinachouzwa kwa ajili ya nzi wa embe, methili eujenoli, hakimvuti nzi wa maboga na matango. Uliza kwa jina la zao, na kama muuzaji anababaika, chukua chambo cha protini, ambacho huvuta nzi wa aina zote mbili, majike wakiwemo. Matunda yaliyotobolewa usiyatupe jalalani. Yafungie kwenye ndoo yenye mfuniko, uiache juani siku kadhaa.

Nafasi ya tatu: kalsiamu naitreti. Inunue tu ikiwa maji hayakatiki tena na kitako bado kinaoza. Ni mbolea inayonyonya unyevu hewani, kwa hiyo ile ya kupima kwa kilo kutoka kiroba kilichofunguliwa wiki nyingi huwa imeshalowa na kushikana. Usiichanganye ndoo moja na mbolea zenye fosforasi au salfeti, zitagandana. Urea na samadi mbichi nyingi, kwa upande wao, huongeza majani na kuzidisha tatizo. Maji ya kalsiamu ya kupulizia majani niliyaruka kwa makusudi: majani hayaipeleki kwenye tunda. Chokaa nayo isubiri hadi udongo upimwe, kwani wa maeneo mengi ya huku hauna tindikali ya kuihitaji.

Nafasi ya nne: dawa ya ukungu yenye kopa. Ina maana wakati wa mvua tu, Desemba hadi Aprili, na kwa ule ukungu wa vichwa vyeusi peke yake. Hata hapo, kuondoa maua yaliyonyauka na kupunguza majani ya chini husaidia zaidi, kwa sababu maua mapya hufunguka kila siku na dawa ya jana haikuyagusa. Kuna pia hesabu ya kuvuna. Zukini huchumwa kila baada ya siku moja au mbili, zikiwa na sentimita 15 hadi 20. Dawa inayotaka usubiri siku saba inakutupia mavuno ya wiki nzima. Soma siku hizo kwenye kibandiko, tafuta namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya soda, irudishe. Pulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Salfa ya jirani mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi? Hutibu ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, haigusi kuoza kwa matunda, na kwenye jua la Oktoba inaweza kuunguza zukini. Mshukuru, umwachie.